Kompyuta ya Mfanyabiashara wa Kijijini: Kazi Kwanza, Mashine Baadaye

Jina la Mgori, katika Wilaya ya Singida, limezoeleka kwa wanasayansi kwa sababu ya msitu wake wa miombo, ambao katika miaka ya 1990 vijiji 5 vilivyopakana nao vilianza kuusimamia vyenyewe. Lakini riziki ya wakazi wengi wa huko, kama ilivyo katika sehemu nyingine za mkoa huo mkavu, hutegemea alizeti, mtama, uwele, kuku wa kienyeji na asali. Kutokana na mazao hayo zimezuka biashara ndogo ndogo: mashine za kukamua mafuta, maduka ya pembejeo, vikundi vya wafugaji wa nyuki. Siku hizi wenye biashara hizo wanashauriwa kila upande wanunue kompyuta mpakato. Ushauri huo si mbaya, ila aghalabu hutolewa kinyumenyume: huanza na mashine na kumalizia na kazi, ilhali kazi ndiyo ingepaswa kutangulia.

Taifa limekwisha kupata funzo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine hiyo zilileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ilichukua miaka mingi kabla amri hiyo haijalegezwa. Mashine yenyewe haikuwa na hatia. Ilifika kabla ya kuwapo wananchi wa kutosha waliofunzwa kupanga kazi yake, kuiendesha na kuitengeneza. Wizara ina hazina ya kufidia kosa la namna hiyo; mkamuaji wa alizeti hana. Kwake yeye fedha ya kompyuta ni fedha ile ile ya kununulia mbegu za msimu ujao, au ni mkopo ambao hauna budi kurejeshwa hata kama mashine imekufa.

Basi kompyuta itamfanyia kazi gani? Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Mwenye mashine amekamua magunia 200 ya alizeti kwa msimu, kila gunia kilo 60, yaani kilo 12,000. Ikiwa kila kilo 100 za mbegu zilitoa kilo 25 za mafuta mwanzoni mwa msimu, kisha kinu kikaanza kuchakaa hata zikawa zinatoka kilo 23 tu, jicho halitaona tofauti hiyo kwa siku moja. Hata hivyo, kama hali hiyo ingedumu msimu mzima, upungufu wake ungekuwa kilo 240 za mafuta, karibu lita 260. Jedwali lenye safu tatu, uzito wa mbegu, uzito wa mafuta na tarehe, lingemfichulia hasara hiyo mapema akabadili kipuri.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Jedwali la namna hiyo, pamoja na orodha ya madeni na barua chache, haliitaji mashine ya fahari. Kompyuta yenye kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 8 na kichakato cha kawaida inatosha kabisa. Tena mtu asiye na desturi ya kupima na kuandika kila siku katika daftari hatapata desturi hiyo kwa kununua kompyuta. Afadhali aanze na daftari na mizani kwa msimu mmoja. Akiona kurasa zimemshinda kujumlisha, hapo ndipo wakati wa kununua umewadia.

Wakati huo ukifika, sifa za kutazamwa ni zile zinazolingana na mazingira. Ya kwanza ni umeme. Paneli ya sola ya wati 100, ikipata jua kali kwa saa 5, huzalisha watisaa 500. Theluthi moja hivi ikipotea katika nyaya, betri na kigeuza-umeme, hubaki watisaa zipatazo 330. Kompyuta mpakato inayotumia wati 30 kwa saa 6 hula watisaa 180, na zinazobaki zatosha kwa taa na simu. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, ikitumia wati 120 kwa saa hizo hizo, ingetaka watisaa 720, zaidi ya maradufu ya zilizopo. Hata kwenye umeme wa gridi, betri ya kompyuta mpakato huokoa kazi umeme unapokatika ghafla.

Sifa ya pili ni uvumilivu wa vumbi na mtikisiko. Katika kiangazi cha Singida upepo hubeba vumbi jembamba. Feni ya kompyuta hulivuta ndani, likaziba njia za hewa, mashine ikapata joto na kupunguza kasi. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka huweza kuharibika ikitikiswa njiani. Diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka huvumilia zaidi, tena hutumia umeme kidogo. Ya tatu ni matengenezo. Kabla ya kulipa fedha, mnunuzi amwulize fundi wa Singida mjini, wala si muuzaji, kama betri, kibodi na chaja za aina hiyo hupatikana, na kama mashine hufunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Wako watakaosema kwamba mashine ya mtumba ndiyo mkombozi wa mnyonge. Maneno hayo yana ukweli, ila ni nusu yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi vichakato vingi vilivyotengenezwa kabla ya 2017. Kwa hiyo sehemu ya mashine zinazouzwa kwa bei ya chini ni zile ambazo wenyewe huko ng'ambo wameziacha kwa sababu hiyo. Si kwamba hazifai: zikiwekewa Linux, ambayo ni ya bure, huendelea kufanya kazi kwa usalama. Programu huru za ofisi nazo si ngeni nchini, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Lakini anayenunua mtumba bila kujua hayo, na bila kupima betri inadumu saa ngapi, hununua tatizo la mwenzake.

Jambo la mwisho halimo katika bei ya mashine. Hesabu za msimu mzima zikikaa mahali pamoja tu, mwizi mmoja au soda iliyomwagika huzifuta zote. Flashi mbili, moja ikihifadhiwa nyumba nyingine, na nakala kila Ijumaa, ni kinga rahisi kuliko zote. Heri mashine ya bei ya chini yenye nakala kuliko ya bei kubwa isiyo nayo.

Walimu wa shule za sekondari wana nafasi kubwa katika jambo hili. Somo la fizikia linapofika kwenye nguvu za umeme, wanafunzi wasome wati zilizoandikwa kwenye chaja na kukokotoa mahitaji ya duka au mashine iliyo jirani na shule. Somo la hisabati lipewe takwimu halisi za mbegu na mafuta badala ya mifano ya kubuni. Mzazi akitaka kununua kompyuta mwakani, mwanafunzi huyo ataweza kwenda naye dukani akiwa na maswali matatu mkononi: itafanya kazi gani, itakula umeme kiasi gani, na ikiharibika nani ataitengeneza. Muuzaji asiyeweza kuyajibu hastahili kupewa fedha ya alizeti.