Vitabu Visifungiwe Wakati wa Likizo

Shule zinapofungwa, katikati ya mwaka na mwisho wa mwaka, watoto hutawanyika kwenda makwao, na mwalimu mkuu hubaki na kazi moja kabla naye hajaondoka. Huhesabu vitabu, hulinganisha hesabu yake na leja, hufunga kabati kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Kazi hiyo ni ya lazima, na mwalimu anayeifanya kwa makini anastahili sifa, kwa kuwa vitabu hivyo ni mali ya umma vilivyonunuliwa kwa jasho la wananchi. Hata hivyo ni haki kuuliza vitabu hivyo vinatunzwa kwa ajili ya nani, ikiwa wiki zile ambazo mtoto anayo nafasi ya kusoma ndizo wiki ambazo kitabu kimefungiwa asikipate.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Likizo ni haki ya mtoto na ni haki ya mwalimu. Mtoto anahitaji kupumzika, kucheza na wenziwe, kuwatembelea babu na bibi, na kuwasaidia wazazi wake. Mwezi Desemba, katika sehemu nyingi za nchi, ni wakati wa kulima na kupanda. Na mtoto anayeshika jembe pamoja na wazazi wake anapata elimu ambayo darasa peke yake haliwezi kumpa. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilisisitiza kwamba shule na kazi visitengane. Basi hoja si kumnyima mtoto likizo yake. Hoja ni kwamba katika siku nyingi kiasi hicho isipite hata moja bila ya mtoto kusoma walau ukurasa mmoja.

Sababu yake inajulikana na kila mwalimu wa madarasa ya mwanzo. Mtoto wa darasa la pili ambaye mwezi Novemba alikuwa ameanza kuunganisha silabi na kusoma sentensi fupi bila ya kusita, hurejea mwezi Januari akiwa anaokota herufi moja moja kama aliyezisahau. Mwalimu hulazimika kutumia siku za kwanza za muhula kufundisha upya yale aliyokwisha kufundisha. Muda huo hautolewi popote ila katika masomo mapya ya mwaka, na darasa zima huchelewa. Ujuzi wa kusoma ni kama jembe: likiachwa bila ya kutumiwa hushika kutu, na mtoto mdogo, ambaye ujuzi wake haujakomaa, ndiye anayeshikwa na kutu hiyo upesi zaidi.

Taifa hili lilijifunza jambo hilo kwa watu wazima zamani. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu watu wazima wawili katika kila watatu walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 ikaamuliwa kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe. Na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa zima wa kupima kazi iliyofanyika. Lakini viongozi wa kampeni ile waligundua mapema kwamba mtu aliyefundishwa kusoma, kisha akaachwa bila ya kitu cha kusoma, husahau. Kwa sababu hiyo zikaanzishwa maktaba za vijijini, na yakachapishwa magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho lililoanza Mwanza mwaka 1974, ili msomaji mpya apate cha kusoma baada ya somo kwisha. Ikiwa ilionekana kuwa ni hatari kumwacha mtu mzima bila ya kitabu, itakuwaje iwe si hatari kumwacha hivyo mtoto wa miaka minane?

Wataalamu wa nchi nyingine nao wamelichunguza jambo hili. Nchini Marekani, ambako likizo ya kiangazi huchukua zaidi ya miezi miwili, Harris Cooper na wenziwe walikusanya uchunguzi wa miaka mingi na kutoa taarifa yao mwaka 1996. Waliona kwamba kwa wastani mtoto hurudi nyuma kwa kiasi cha mafunzo ya mwezi mmoja hivi, na kwamba hasara katika hesabu ni kubwa kuliko katika kusoma. Lakini katika kusoma waliona jambo lililo zito zaidi: watoto wa wenye kipato kidogo walirudi nyuma, hali watoto wa wenye nafasi hawakupata hasara hiyo. Wataalamu waliofuata wamebishana juu ya ukubwa wa hasara hiyo. Hata hivyo, haihitaji mtaalamu kuona kwamba nyumba yenye vitabu na nyumba isiyo na vitabu hazimlei msomaji kwa namna moja.

Hapa nchini tofauti hiyo inaonekana wazi. Mtoto wa ofisa mjini hurudi nyumbani na kukuta gazeti mezani, kitabu cha hadithi kabatini, na mzazi anayeweza kumsahihisha. Mtoto wa mkulima, aliyekaa naye dawati moja na pengine kumshinda katika mtihani, hurudi nyumbani akiwa na madaftari yake tu. Darasani wote wawili walikuwa sawa, kwa sababu kitabu kilikuwa cha shule. Likizo ndiyo inayowatenganisha. Ada ya shule za msingi ilifutwa miaka ya mwanzo ya 2000, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa kuanzia mwaka 2016, ili umaskini wa mzazi usiwe kizuizi cha elimu ya mtoto. Haitakuwa busara mlango uliofunguliwa kwa gharama kubwa namna hiyo kufungwa tena kimya kimya kila likizo kwa kufuli la kabati.

Mwaka 2020 ulitoa funzo lake. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hadi zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni, yalitolewa masomo kwa redio na televisheni, na wenye simu za kisasa na fedha za kulipia intaneti walipata zaidi ya hapo. Lakini mtoto asiye na redio nyumbani kwao wala umeme wa kuwashia televisheni alihitaji kitu kimoja tu ambacho hakihitaji umeme, nacho ni kitabu.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya jambo hili ni masomo ya ziada ya kulipia, ambapo watoto hukusanywa likizo nzima na kufundishwa kama kwamba shule haikufungwa. Dawa hiyo haifai. Humchosha mtoto, humnyima mwalimu mapumziko yake, na zaidi ya yote huwafaa wale tu ambao wazazi wao wana fedha. Yaani huzidisha tofauti ile ile inayotakiwa kupunguzwa. Mtoto wa likizo hahitaji darasa la pili. Anahitaji kitabu, na mtu mmoja wa kumsikiliza anaposoma.

Kwa nini basi vitabu hufungiwa? Si kwa sababu walimu hawawapendi watoto. Mwalimu mkuu anajua kwamba atakapokuja mkaguzi wa hesabu ataulizwa vitabu vingapi viliingia na vingapi vipo. Hakuna atakayemwuliza vitabu vingapi vimesomwa. Kitabu kikiloa mvua nyumbani kwa mwanafunzi au kikichanwa na mdogo wake, mwalimu ndiye atakayeandika barua ya kujieleza. Kitabu kikiliwa na mchwa ndani ya kabati lililofungwa, hilo huhesabiwa kuwa ni bahati mbaya. Mwenye kupimwa kwa kipimo hicho hana budi kufunga kabati, na kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa maofisa elimu wa mikoa, wilaya na kata. Wao ndio wenye uwezo wa kusema kwa maandishi kwamba kitabu kilichoazimishwa kwa utaratibu na kikachakaa kwa kusomwa kimemaliza kazi yake, wala si upotevu wa kuadhibiwa. Wadhibiti ubora wa shule nao, wanapozitembelea shule, waombe kuona daftari la kuazimisha vitabu kama wanavyoomba kuona leja. Mwalimu akijua kwamba ataulizwa swali hilo, na kwamba analindwa na maandishi ya mkubwa wake, ataufungua mlango mwenyewe.

Wajibu wa pili ni wa walimu na kamati za shule, nao si mgumu. Siku ya kufunga shule, wazazi wanapokuja kuchukua ripoti za maendeleo, kila mtoto apewe kitabu kimoja, na mzazi atie sahihi au alama ya dole gumba. Vianze vitabu vya hadithi na vya ziada ambavyo havihitajiki darasani mara moja, kisha vifuate vya kiada kadiri vinavyotosha. Watoto wa kitongoji kimoja wapewe vitabu mbalimbali ili wabadilishane. Mahali ambapo yupo mwalimu mstaafu, au kijana aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri matokeo, aombwe kukaa na watoto saa mbili kwa wiki katika ofisi ya kijiji, awasikilize wakisoma kwa sauti. Shule itakayopoteza vitabu vichache kwa mpango huu itakuwa imepata wasomaji wengi.

Wajibu wa tatu ni wa wazazi, wakiwamo watumishi wa Serikali wenyewe. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe, "Nisomee," kisha akamwuliza kimesemwa nini. Bibi anayejua ngano na vitendawili awasimulie wajukuu, nao waziandike katika madaftari yaliyobaki kurasa. Mwezi Januari mwalimu atakuwa na kitabu cha kusomea ambacho hakikununuliwa. Mama anayepima mchele gengeni amwachie mtoto kupiga hesabu ya chenji. Na mtoto wa kike asiachiwe maji, kuni na kumlea mdogo wake kutwa nzima hali kaka yake anasoma. Kazi za nyumbani zigawanywe, na saa ya kusoma iwe ya wote wawili.

Mwisho, zipo maktaba za umma. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na mikoani zipo maktaba zenye sehemu za watoto. Mtumishi anayeishi mjini hana sababu ya kumwacha mwanawe kuzurura likizo nzima bila ya kumpeleka huko. Lakini watoto wengi wa nchi hii wako vijijini, mbali na maktaba hizo. Kwao maktaba iliyo karibu ni kabati la shule, na kabati hilo lina ufunguo mmoja.

Likizo inayokuja isikute mambo kama yalivyokuwa. Maofisa elimu watoe maelekezo yao kabla shule hazijafungwa, walimu wakuu waandae madaftari ya kuazimisha, na kamati za shule ziwaeleze wazazi. Kisha ufunguo utumike kufungulia.