Makovu si Aibu, Leza si Muujiza

Kovu ni alama ya kidonda kilichopona. Lakini kwa wananchi wengi mambo hayaishi hapo. Mtoto huungua kwa uji wa moto, msichana hutogwa masikio, kijana huota chunusi kifuani, mgonjwa hupasuliwa. Na kidonda kikisha kufunga, ngozi huzidi kuinuka na kuwa ngumu. Kovu likibaki ndani ya mipaka ya kidonda, huenda likanywea lenyewe baada ya muda. Likivuka mipaka hiyo na kutambaa juu ya ngozi isiyoumia, hilo ndilo madaktari waliitalo keloidi, nalo ni nadra kuondoka bila ya tiba.

Keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30. Si kansa, haiambukizi, wala si laana, ingawa huweza kurithiwa. Hutokana na ngozi kuendelea kutengeneza nyuzi za kuunga kidonda hata baada ya kazi hiyo kwisha. Pamoja na hayo huwasha, huuma, na humtia mwenye nayo unyonge mbele ya wenzake.

Unyonge huo ndio mtaji wa matapeli. Zamani waliuza dawa za kupaka. Siku hizi hujificha nyuma ya neno leza, na kuahidi kufuta kovu la miaka kumi kwa siku moja. Kwa hiyo yafaa ukweli ujulikane.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa nchi hiyo, Anderson na Parrish, walieleza jinsi mwanga uliochaguliwa unavyoweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha vingine. Kwa msingi huo, leza ya nanomita 585 au 595 hulenga damu iliyomo katika mishipa midogo inayolisha kovu, na kovu hupungua wekundu, muwasho na unene. Leza nyingine hutoboa vitundu vidogo mno ili dawa ipenye. Hii ni elimu ya kweli, wala haifai kubezwa.

Hata hivyo, rangi ya ngozi nyeusi huunyonya mwanga huo kabla haujaifikia mishipa. Mtambo ukiendeshwa kwa nguvu iliyopimwa kwa ngozi nyeupe, huweza kuunguza, kuacha mabaka, na hata kuzusha keloidi mpya juu ya ile ya zamani. Aidha, leza peke yake aghalabu haitoshi. Tiba huanza kwa sindano za triamsinoloni ndani ya kovu, kila baada ya wiki chache kwa miezi kadhaa, pamoja na bandeji za silikoni na za kubana. Leza ni msaidizi wa tiba hizo. Na anayekata keloidi bila ya tiba nyingine ajue kwamba tafiti zimeonyesha kati ya asilimia 45 na 100 hurudi, pengine kubwa kuliko kwanza.

Tanzania haikosi pa kuanzia. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefunza wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Haki ni kwamba sindano, ambayo ni rahisi, ifike kwanza katika hospitali za mikoa, na mtambo, ambao ni ghali, uwekwe katika hospitali za rufaa mikononi mwa waliofunzwa kutibu ngozi nyeusi. Wizara ya Afya haina budi kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayewasha leza juu ya mwili wa mwananchi bila ya ujuzi.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mwenye keloidi, au ambaye ukoo wake unazo, aepuke kutoga na kuchanjwa chale, na amweleze daktari mapema kabla ya kupasuliwa. Jiko la moto liwekwe mbali na watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa juu ya mwili wa mtu.