Neno Lisimmeze Mtu

Muhula uliopita, katika zoezi la tafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, tulipewa ukurasa mmoja. Mwanamke wa Ufaransa anasimulia wiki yake. Jumatatu asubuhi anabandua kibandiko cha homoni tumboni na kuweka kipya. Alhamisi atafanya vilevile. Jumanne jioni ana mazoezi ya kwaya. Jumatano anakaa na wenzake kufuma sweta, wanasengenya kidogo na kunywa chai. Jumamosi anakwenda kwenye bustani yake, na hapo ndipo penye huzuni ya ukurasa mzima: mvua imezidi, nyanya zake zimeshikwa na ugonjwa na zinaoza kabla ya kuiva. Katikati ya maelezo hayo, kwa sentensi moja tu, anataja kwamba yeye ni transijenda, yaani mtu anayejijua kuwa wa jinsia nyingine, si ile aliyoandikiwa alipozaliwa.

Darasa lilicheka. Kisha tukatafsiri, na tafsiri zilipokusanywa na kusomwa kwa sauti, karibu zote zilikuwa na kasoro ileile. Kwaya, sweta na nyanya zilikuwa zimebanwa katika mistari miwili. Ile sentensi moja ilikuwa imevimba hadi kuwa aya. Mmoja wetu aliandika "mwanamume aliyejigeuza mwanamke". Mwingine aliandika "mgonjwa". Wa tatu aliandika "huntha". Mimi niliandika "mtu huyu wa ajabu", maneno ambayo hayamo kabisa katika Kifaransa. Siandiki basi kuwahukumu wenzangu. Naandika kwa sababu nilipewa mtu mzima mwenye wiki nzima, nikarudisha neno moja.

Tuyatazame hayo maneno jinsi tunavyofundishwa kuyatazama, moja baada ya jingine.

"Huntha" ni kosa la maana. Neno hilo humtaja mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike kikamilifu. Hao ni watu wengine. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524. Mwanamke wa ukurasa wetu hakusema lolote la namna hiyo. "Shoga", ambalo pia lilisikika darasani, linakosea mara mbili: linazungumzia nani anampenda nani, wakati yeye anazungumzia yeye ni nani. Tena kule pwani, wanawake marafiki wameitana shoga tangu zamani bila ubaya wowote.

"Mgonjwa" lina historia, lakini historia hiyo imepitwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliitoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya jinsia. Ufaransa kwenyewe, anakoishi mwandishi wetu, iliiondoa katika orodha yake ya magonjwa ya akili ya muda mrefu mwaka 2010. Anayeandika "mgonjwa" leo hatafsiri. Anaongeza maoni yake.

Na "aliyejigeuza"? Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu hata redio husema "aliyebadili jinsia". Wataalamu wengi wa Kiswahili hutofautisha jinsi, yaani maumbile ya mwili, na jinsia, yaani nafasi ya mtu kama mwanamke au mwanamume katika jamii. Tukishika tofauti hiyo, tunaona kwamba mwanamke huyu hasemi alibadili jinsia yake. Anasema jinsia yake ni ile aliyoijua siku zote, na kwamba kilichobadilika ni mwili, jina na karatasi. Msomaji anaweza kumwamini au asimwamini. Mfasiri hana ruhusa ya kumsahihisha.

Cha kushangaza ni kwamba lugha yetu ilikuwa tayari kutusaidia. Kifaransa humlazimisha msemaji kuchagua kila dakika: kiwakilishi, kivumishi, hata mwisho wa kitenzi, vyote vinauliza kama ni mume au mke. Kiswahili hakiulizi. Alikuja, anaimba, atapanda: kiambishi a- kinamtosha kila mtu. Tukizungumza nyumbani, tukisema batu badala ya watu, jambo ni lilelile. Tunaye ndugu, tunaye mdogo wangu, tunaye jirani. Ukurasa mzima ungeweza kutafsiriwa bila kujikwaa.

Sisemi kwamba Kiswahili hakina hatia. Tukifika kwenye ndoa, kitenzi chenyewe kinagawanya: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Tukifika kwenye salamu, lazima tuseme mama au baba. Hapo mfasiri atachagua, na kipimo ni kimoja: mwandishi anajiitaje? Anajiita mwanamke. Basi ni mama fulani, kama tunavyomwita mama yeyote mgeni anayeingia mlangoni bila kumwomba cheti.

Nakuja kwenye homoni, kwa kuwa ndipo kicheko kilipokuwa kikubwa. Kibandiko kile kina estradioli, homoni ileile ambayo madaktari huwapa wanawake wengine wanapofikia ukomo wa hedhi na kusumbuliwa na joto la ghafla. Hutolewa pia kama vidonge, jeli au sindano. Katika nchi kadhaa, ikiwemo Marekani, huongezewa spironolaktoni, dawa ya shinikizo la damu na ya moyo ambayo huenda baadhi yetu tumeiona mezani kwa wazazi. Wanaume transijenda hupewa testosteroni. Mabadiliko huja polepole: ngozi hulainika, mafuta ya mwili hupanga upya mahali pake, matiti huanza kukua baada ya miezi michache na huchukua miaka miwili au mitatu. Daktari hupima damu kila baada ya miezi kadhaa, hasa mwaka wa kwanza, kwa kuwa dozi mbaya ina hatari zake, kama damu kuganda kwenye mishipa. Ni tiba yenye ratiba, risiti na uchovu wa kusubiri, kama tiba nyingine za muda mrefu.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wa fonetiki wangepaswa kulidaka mara moja. Testosteroni hurefusha na kunenepesha nyuzi za sauti, kwa hiyo sauti hushuka na haipandi tena. Estradioli haiwezi kufanya kinyume chake. Mwanamke aliyepitia balehe ya kiume hapati sauti mpya kutoka kwenye kibandiko. Anaitafuta kwa mazoezi ya pumzi, kiimbo na mwangwi wa kinywa. Sasa rudini kwenye Jumanne yake. Anaposema anakwenda kwaya, na kwamba bado anaimba safu ya teno huku amesimama karibu na wanawake wa alto, hatupi habari ndogo ya kujaza ukurasa. Sisi ambao parokia zetu zina kwaya tatu tatu tulipaswa kuelewa mara moja maana ya kusimama mahali ambapo sauti yako na jina lako havijakubaliana. Tuliiruka sentensi hiyo. Hayumo hata katika tafsiri bora ya darasa letu.

Najua jibu linalonisubiri, kwa maana nimeshaambiwa: haya ni mambo ya Wazungu, fakulte ya lugha ina kazi nyingine. Najibu kwanza kwamba mwaka huohuo tumetafsiri kurasa juu ya kuteleza kwenye theluji, na hakuna aliyesema theluji si ya kwetu. Pili, jambo hili halikai Ulaya peke yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani la nchi hiyo limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti kipya cha sekondari chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsi. Kesi nzima ilihusu maandishi kwenye karatasi, karatasi ambayo bila hiyo mtu aliyesoma hawezi kuomba kazi. Wanafunzi wanaosubiri diploma zao hawahitaji kuelezwa uzito wake.

Wengine watasema imani yao hairuhusu. Imani ya mtu naiheshimu, nami pia huenda misa. Lakini mfasiri aliyetafsiri barua ya mpinzani wake kwa uaminifu hakubadili dini. Amefanya kazi yake. Na kuna hoja ya tatu, ambayo naiona nzito kuliko zote. Siku ile, wakati tunacheka, sikutazama nyuma. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sijui kama kila mtu aliyecheka alikuwa na furaha.

Pendekezo langu ni dogo, nalo ni la kazi yetu. Neno transijenda litumike pale mwandishi alipolitumia, lifafanuliwe mara moja kwa Kiswahili cha wazi, kisha tuendelee. Baada ya hapo mtu aitwe kwa yale anayoyafanya: mwimbaji, mfumaji, mkulima, jirani. Tusiongeze kivumishi ambacho hakikuandikwa. Na walimu wetu watupatie kurasa za namna hii mara kwa mara, hadi zituchoshe kama zile za theluji.

Ukurasa ule nimeutafsiri upya, bila kuombwa. Ile sentensi iliyotuchekesha ilinichukua dakika tano. Kilichonishinda ni ugonjwa wa nyanya. Kifaransa kinasema mildiou; mimi nilikuwa nimeandika "kuoza" tu na kupita. Nilitafuta saa nzima hadi nikapata wanavyouita mabwana shamba wa Tanzania: bakajani chelewa. Nadhani hata mwenye bustani angependa saa yangu iishie hapo.