Mgeni Njoo, Nani Apone?



Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inanisumbua tangu waumini wenzangu wa hapa Makongeni waliponichukua kwenda kutoa huduma ya matibabu katika kijiji kimoja kilicho mbali sana na barabara ya lami. Mimi si daktari, ni wakili. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa daftarini.

Tulipima damu, tukagawa dawa za malaria na za minyoo, tukaomba, tukapigwa picha. Siku ya pili, jua likitua, tulifunga masanduku. Ndipo mama mmoja mjamzito aliponiuliza, "Baba, mkishaondoka, mimi nitajifungulia wapi?" Zahanati ya umma ilikuwa nyuma ya hema letu, imefungwa kwa kufuli. Sikuwa na jibu.

Msamaria Mwema alimwacha majeruhi mikononi mwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Sisi mgonjwa wetu tulimwachia nani? Kufuli?

Siwabezi wanaojitolea. Tangu mwaka 1957 madaktari wa ndege wa AMREF wameruka kutoka Nairobi hadi vijiji vya mbali, na wengi wameokolewa. Lakini huruma ikizoea kukalia kiti cha haki, hugeuka pazia la kuwafichia wakubwa uzembe wao.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne linazikabidhi serikali za kaunti zahanati zetu. Wakubwa wakilia kwamba hazina ni tupu, Kifungu cha 20 kinawatwika wao mzigo wa kuthibitisha hivyo. Hakimtwiki mama mjamzito. Huko Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti. Basi tuonyeshwe hesabu!

Wazee wetu wanakumbuka Desemba 1989, serikali ya chama kimoja ilipoanza kuwatoza wagonjwa ada. Ni nani aliyethubutu kuuliza? Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, baada ya watu kupigwa virungu na kutiwa kizuizini. Hawakuumia ili tupate vyama vingi vya kutuomba kura, bali ili mwananchi apate kinywa cha kudai.

Kwa hiyo, tuendapo tena, mkono mmoja ubebe dawa, wa pili ubebe barua ya madai. Kifungu cha 35 kinamruhusu raia kudai habari zilizo mikononi mwa Serikali: ni nani aliyeajiriwa katika zahanati ile, na dawa zake zilikwenda wapi? Wanakijiji watie sahihi wenyewe. Sisi tuwe mashahidi. Wakipuuzwa, Kifungu cha 22 kimewafungulia mlango wa mahakama.

Mwenyeji hataponywa na mgeni wa siku mbili. Ataponywa na haki yake.