Tupitishe Mihoro Motoni

Jumamosi iliyopita, kando ya barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, nilimkuta kibarua akikata ndizi kwenye kibanja cha mama mmoja mjane. Mikungu ilikuwa imeiva kabla ya kukomaa. Aliangusha mgomba wa tatu, na hata dakika kumi hazijapita, pale kwenye jeraha la shina matone ya njano yakaanza kuchuruzika, mazito kama usaha. Akaufuta muhoro kwenye suruali, akaruka mpaka, akaingia kwa jirani na muhoro uleule kukata majani ya kutandika kwenye gari. Mnunuzi alikuwa akimhimiza. Hakuna aliyemzuia. Nilipofungua kinywa, majani ishirini yalikuwa tayari chini.

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, mnaujua ugonjwa huo. Ni mnyauko, wengine tunauita unyanjano. Uganda uligunduliwa mwaka 2001. Kwetu Kagera ulithibitishwa mwaka 2006 kule Muleba, na toka hapo haujasimama. Ni bakteria, hana dawa ya kupuliza. Wadudu humbeba kutoka ua hadi ua, lakini safari zake ndefu anasafirishwa na sisi: kwa muhoro, kwa miche, kwa majani, kwa mbuzi tunaowaachia kibanjani.

Wazee walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi tunaazima wembe uleule.

Nasema kwa uchungu kwa sababu tulishaonywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, batobato kali ya mihogo ilipoingia Kagera kutoka Uganda, inzi weupe waliieneza, nasi tukawasaidia kwa pingili za muhogo tulizopeana bila kuzikagua. Leo michirizi kahawia inaozesha mihogo ardhini, na bado tunapeana pingili kwa kuaminiana tu. Nani atatulisha migomba ikienda njia hiyohiyo? Kibanja ndicho chakula, ada ya shule, kivuli cha kahawa, na matandazo yanayozuia udongo wa milima ya Ngara usishuke mtoni.

Mnunuzi anayepakia mkungu mgonjwa anajua anachofanya. Mtoza ushuru anayehesabu mikungu kizuizini bila kuitazama naye anajua. Mwenye kibanja anayeishi mjini na kuacha migomba inyauke bila mtu wa kuikata anawaulia majirani zake shamba. Na sisi tunaoona na kunyamaza, tusijitoe humo.

Basi tufanye haya. Siku ya kazi, kila kibanja kiwe na moto langoni. Yeyote anayeingia na muhoro, awe kibarua, shemeji au mwenyekiti wa kitongoji, aupitishe motoni mpaka chuma kisishikike, na aurudishe motoni kabla ya kuhamia shina lingine. Asiye na moto atumie jiki. Asiyetaka, arudi alikotoka.

Mara kichane cha mwisho kinapojitokeza, ondoeni ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Msitumie kisu. Tafuteni mti mrefu wenye panda, likamateni kwa panda, zungusheni mpaka likatike. Mtoto wa darasa la tano anaiweza kazi hii.

Kagueni kibanja kila wiki. Mgomba mmoja ukiugua, ukateni usawa wa ardhi siku hiyohiyo, na mrudie kila unapojitokeza mwingine. Kibanja kikiwa kimeshambuliwa sana, ng'oeni mashina yote, fukieni, pandeni maharage au viazi vitamu, na msirudishe mgomba kabla ya miezi sita. Miche mipya isitoke kwenye kibanja msichokijua.

Viongozi nao waamke. Sheria ndogo zisiishie kwenye makabati. Maafisa ugani wafike vijijini, na makanisani na misikitini lisemwe neno.

Lakini nawasihi, msiwasubiri viongozi. Ukikata wewe peke yako na jirani asikate, umefanya kazi bure. Kijiji kizima kichague siku moja, tuingie vibanja vyote, cha tajiri na cha maskini, cha aliyepo na cha asiyepo.

Yule mama ana mashina yapatayo arobaini ya kung'oa, na hana kijana nyumbani. Aliniuliza, "Mwanangu, nitaanzia wapi?" Jumamosi hii nitakuwa kwake saa moja asubuhi na jembe langu. Njooni na majembe yenu. Moto utakuwa umeshawashwa langoni.