Malenga Asiyetoka

Neno andagraundi limekwisha kuingia katika Kiswahili, na anayetaka kulifukuza amechelewa. Lakini lilipovuka bahari liligeuka maana. Huko Marekani lilikoanzia, msanii aitwaye hivyo aghalabu ni mtu aliyelipa soko kisogo kwa hiari yake, akapenda kusema alitakalo kuliko kusema linunuliwalo. Tanzania, andagraundi ni mchanaji wa mistari ambaye bado “hajatoka”: wimbo wake haupigwi redioni, jina lake halimo katika matangazo ya tamasha, na mji haumjui. Kule neno lataja msimamo. Huku lataja foleni.

Kwa kitenzi hiki kimoja, kutoka, maisha mazima ya mtunzi hupimwa na kuhukumiwa. Aliyetoka ni msanii. Asiyetoka ni kijana aliyepoteza wakati. Mtangazaji wa redio akipima hivyo hana lawama kubwa, maana biashara yake ni majina yanayojulikana. Ajabu ni kuwa wengi katika wanazuoni wa fasihi ya Kiswahili wameipokea mizani hiyo hiyo bila kuichunguza. Huanza kumtazama mchanaji siku redio ilipokwisha kumchagua. Hivyo redio ndiyo ifanyayo kazi ya uhakiki, na chuo hufuata nyuma kikiandika sababu. Jambo hili ni kosa, na hasara yake ni ya lugha nzima.

Ichukuliwe kwa mfano kata ya Ramadhani, mjini Njombe. Si ajabu kumkuta huko, kama katika kata yoyote ya mji wa Tanzania, kijana ambaye mchana hupakia viazi au mbao, au huendesha bodaboda katika baridi ile inayojulikana, na usiku hufungua daftari akapanga mistari. Akipata akiba hulipia saa chache katika studio ya chumba kimoja, akarekodi juu ya biti aliyopewa na rafiki. Kilometa 60 hivi kaskazini ni Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea hukutana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, na ambapo reli ya TAZARA hupita. Viazi vya Njombe hupita hapo, na chai, na mbao, na parachichi, vikaenda katika masoko ya mbali. Mistari ya kijana huyu ndiyo isiyopata gari. Itakaa katika simu yake na simu za rafiki zake, na siku simu hizo zitakapoharibika itakuwa kama kwamba haikutungwa.

Wanaoona kuwa hapana kilichopotea hutoa hoja nne, na yafaa kila moja ijibiwe mahali pake.

Ya kwanza ni kwamba sanaa hii ni ya kuiga. Hapana haja ya kukana asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alijulikana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika wimbo uliokuwa ukivuma Marekani. Lakini kuiga kulikuwa mlango, si nyumba. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, kijana aliyekulia Mbeya, katika nyanda zile zile za juu kusini, alitoa Ni Mimi, na mwaka 1996 akatoa Ndani ya Bongo (ndiye ajulikanaye pia kwa jina la Mr. II), tangu hapo habari zikawa za mitaa ya nyumbani, na ulimi ukawa wa nyumbani. Kama asili ya kigeni ni dhambi, basi taarab nayo itubu, kwa kuwa ilipokea mengi kutoka Misri kabla Siti binti Saad hajaifanya iseme Kiswahili. Na tenzi za kale zitubu pia, kwa deni lao kwa Waarabu. Hakuna anayedai toba hizo. Kwa nini adaiwe kijana wa Njombe peke yake?

Hoja ya pili ni lugha. Inasemwa kuwa mchanaji huharibu Kiswahili kwa maneno ya vijiweni. Asemaye hivyo na amfungue Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, asome bila msaada wa faharasa. Ataona kuwa malenga yule aliandika kwa Kimvita cha watu wa Mombasa, akitaja fitina za mji wake, bei za vitu na majina ya watu wa siku zake. Maneno yale yaliyokuwa ya sokoni leo yanafundishwa darasani kwa heshima. Lugha ya mitaani ya Tanzania ilikwisha kupata wachunguzi wake: mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling waliitolea utafiti mrefu, uliochapishwa Ujerumani kwa Kiingereza. Mwaka 2011 Alex Perullo, Mmarekani, alitoa kitabu kizima juu ya muziki na biashara yake Dar es Salaam. Wageni hao hawastahili lawama, wanastahili shukrani. Anayestahili kuulizwa ni mwenyeji aliyekaa barazani akisema ya kuwa hakuna kitu cha kuandika.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba hayo si mashairi. Hapa wanazuoni wamejifunga kwa kamba yao wenyewe. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, wanamapokeo walipiga kelele kwamba pasipo vina hapana shairi. Wanamabadiliko nao wakajibu kuwa shairi lazima lipewe uhuru. Baadaye akaja mchanaji, akawaletea wote wawili walichokitaka: vina kwa yule, na uhuru kwa huyu. Wote wawili wakamfungia mlango.

Na vina vyake si vya kubahatisha. Katika shairi la mapokeo kina ni silabi ya mwisho. Kisa, posa na pesa hufuatana bila ugomvi, kwa kuwa vyote huishia kwa -sa. Mchanaji stadi huona kuwa hilo ni rahisi mno katika lugha ambayo karibu kila neno lake huishia kwa irabu. Basi yeye hutaka kina kianzie katika silabi yenye mkazo, ya pili kutoka mwisho, na pengine kabla yake: kwake darasa hutafuta anasa na mkasa, wala hairidhiki na posa. Mizani nayo hakuitupa. Badala ya kuihesabu kwa vidole, huipima kwa ngoma: kila mstari una mapigo 4, na silabi zikizidi au zikipungua hapana budi zibanwe au zivutwe mpaka ziangukie pigo lake. Tena yeye mwenyewe ajua anatoka ukoo gani. Fid Q wa Mwanza aliiita albamu yake Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Jina hilo halikutoka Marekani. Limetoka katika somo la ushairi.

Hoja ya nne ni ile ya kutoka: kwamba andagraundi hakufika popote, na kwa hiyo kazi yake haina uzito. Waliofika wapo. Mr. II alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na tena mwaka 2015. Mwaka huo wa 2015 Joseph Haule, yaani Professor Jay, akawa mbunge wa Mikumi. Ni mambo makubwa, lakini hayakuongeza kina hata kimoja katika mashairi waliyotunga kabla ya hapo. Kama mashairi yale yalikuwa na thamani, yalikuwa nayo usiku yalipoandikwa. Kadhalika shairi la kijana wa Ramadhani lina thamani yake au halina leo hii, wala kura, redio na tamasha haviwezi kuipa wala kuinyima. Anayengoja shangwe ndipo ajue kuwa shairi ni zuri anakiri kwamba hawezi kulisoma.

Tena kutoka kwenyewe si mashindano ya ufundi peke yake. Kunahitaji nauli, na fedha ya studio, na kujuana na watu wa mjini. Katika muziki wa Tanzania malalamiko juu ya watu wanaodai chochote ili wimbo upigwe ni ya miaka mingi. Mizani inayopima mfuko na shairi kwa pamoja haiwezi kuitwa mizani ya fasihi.

Yapasa pia haki itendeke upande wa pili. Wako maandagraundi wengi ambao mistari yao ni majivuno matupu, au matusi kwa wanawake, au mwangwi wa waliosikika zamani. Wengine hawalilii ushairi. Hulilia gari na jina. Anayewasifu wote kwa kuwa tu wako chini amebadilisha upofu mmoja kwa mwingine. Lakini mkulima haachi kuvuna kwa sababu ya makapi. Huvuna kisha akapepeta. Kazi ya kupepeta ni ya nani, kama si ya mtu aliyesomea ushairi?

Muyaka anafaa kukumbukwa tena hapa. Mashairi yake yaliishi katika vifua vya watu wa Mombasa miaka mingi baada ya kifo chake. Mwalimu Sikujua aliyakusanya, W. E. Taylor akayahifadhi, na William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Kati ya kaburi lake na diwani yake ilipita miaka 100. Kwa kipimo cha leo, Muyaka alikuwa andagraundi wa karne nzima. Lau Mwalimu Sikujua angengoja atoke kwanza, vyuo vingekuwa na malenga mmoja pungufu, wala visingejua kuwa vimepungukiwa.

Linalotakiwa si jambo la gharama kubwa. Kila likizo wanafunzi wa Kiswahili hurudi makwao, Njombe na Makambako, Tanga na Kigoma, na karibu kila mmoja ana simu inayorekodi. Na wamwendee mchanaji wa mtaani kwao, wamwombe ruhusa, wanakili mistari yake pamoja na jina analolitaka, mahali na tarehe, haki ya kazi ibaki yake, na nakala iwekwe katika maktaba ya chuo. Kisha ije kazi ya kuhakiki, bila huruma na bila dharau. Vifua vya watu wa Mombasa vilitunza mashairi ya Muyaka mpaka Mwalimu Sikujua akafika. Simu ya kijana wa Ramadhani haitangoja miaka 100.