Kivinjari Gani Kinafaa kwa Kompyuta ya Nyumbani?



Kompyuta imekwisha kuingia katika nyumba nyingi. Baba huandikia barua za kazi, mama huhesabia mapato ya duka, na watoto hutafutia masomo yao. Lakini ukiwauliza watu wa nyumba hiyo: «Mwatumia kivinjari gani?», wengi watakujibu: «Hicho tulichokikuta.» Jibu hilo ndilo tunalotaka kulichungua leo, kwa sababu neno «tulichokikuta» limewatajirisha watu wengine kupita kiasi.

Kwanza tuelewane. Kivinjari ni programu ile inayotuonyesha kurasa za intaneti. Tuseme ni tarishi wa nyumba. Wewe wamwambia unakotaka, yeye apeleka ombi, apokea majibu na kuyapanga mbele ya macho yako kuwa maneno na picha. Tarishi wa kwanza wa namna hiyo aliandikwa mwaka 1990 na Bwana Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN, nyumba ya wataalamu karibu na mji wa Geneva. Basi tusimchanganye tarishi na mahali anapotupeleka. Google tunapotafutia habari ni mahali. Chrome, iliyotengenezwa na kampuni hiyo hiyo, ndiyo tarishi.

Sasa fikirini: tarishi ajua mengi. Ajua umekwenda wapi na saa ngapi. Pengine amehifadhi hata maneno yako ya siri. Naye hatuombi mshahara. Methali yasema: Rahisi ghali. Mtu mwenye akili atauliza: Je, tarishi huyu analipwa na nani?

Habari za miaka iliyopita zatupa jibu. Mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ilileta kivinjari chake, Internet Explorer, kisha ikakiweka ndani ya Windows yenyewe. Watu wakakikuta, wakakitumia. Na Netscape, iliyokuwa mashuhuri kabla yake, ikadhoofika. Mwaka 1998 Serikali ya Marekani iliishitaki Microsoft. Huko Ulaya, mwaka 2009, kampuni iliahidi kuwaonyesha watu dirisha la kuchagulia kivinjari wanachokipenda. Dirisha hilo likakosekana katika kompyuta nyingi, na mwaka 2013 Microsoft ikatozwa faini ya euro milioni 561. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022.

Tena mwezi wa Agosti 2024 hakimu mmoja wa Marekani aliamua kwamba Google imevunja sheria ya ushindani katika kazi ya kutafuta habari. Katika kesi hiyo ilionekana kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe mahali pa kwanza pa kutafutia katika simu na vivinjari vya wengine. Kwa nini kutoa mali nyingi hivyo? Kwa sababu wanajua sana kwamba watu wengi hawabadilishi walichokikuta.

Haya, tuvitazame vivinjari vya leo. Chrome ya Google ilizaliwa mwaka 2008, nayo ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi duniani. Edge ya Microsoft huja pamoja na Windows. Safari ya Apple ni kwa wenye mashini za Apple. Kuna Opera, Brave na Firefox pia. Wengi hudhani kwamba hivi vyote ni mbali mbali kabisa. Sivyo. Chrome, Edge, Opera na Brave zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium, na mjenzi mkubwa wa msingi huo ni Google. Safari na Firefox zina misingi yao.

Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows, shauri langu ni Firefox, nami nina sababu tatu.

Ya kwanza, mtengenezaji wake, Mozilla, ni kampuni iliyo mali ya shirika lisilotafuta faida. Hata hivyo tusiseme nusu ya kweli: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla imetoka kwa Google, inayolipa ili iwekwe kwanza katika kutafuta. Lakini uchaguzi huo waweza kuubadili wewe mwenyewe katika mipangilio, kwa dakika moja.

Ya pili yagusa mfuko. Katika nyumba zetu intaneti hununuliwa kwa kipimo, na matangazo ya biashara hula kipimo hicho bila kuomba ruhusa. Pengine sinema nzima huanza kucheza yenyewe. Firefox hupokea nyongeza iitwayo uBlock Origin, inayozuia matangazo yasipakuliwe. Chrome ilianza kuizima nyongeza hiyo mwaka 2024, ikabaki nyingine iliyo nyepesi zaidi, isiyo na nguvu zile zile. Brave nayo huzuia matangazo tangu mwanzo. Asiyependa Firefox na aijaribu hiyo.

Ya tatu, Firefox hukubali neno kuu la siri linalofunga maneno mengine yote yaliyohifadhiwa. Katika nyumba yenye watu wengi na kompyuta moja, hilo si jambo dogo.

Pengine mtasema: «Lakini kurasa nyingine hazifunguki vizuri katika Firefox.» Ni kweli, hutokea, kwa kuwa watengenezaji wengine wa kurasa huzijaribu katika Chrome tu. Dawa yake ni nyepesi: Edge imo tayari katika Windows, iacheni ikae kama tarishi wa pili, mumwite siku ya haja.

Lakini hata tarishi mwema huharibiwa na nyumba isiyo na utaratibu. Wazazi, shikeni mambo haya manne.

Kwanza, pakueni kivinjari kutoka ukurasa wa mtengenezaji wake mwenyewe, wala si katika kurasa zinazoahidi zawadi.

Pili, kila mtu awe na akaunti yake katika kompyuta, ili mtoto anayesoma hesabu asikute barua ya baba ikiwa wazi.

Tatu, msizuie masahihisho mapya ya kivinjari, hata yakila kipimo kidogo. Kivinjari kisichosahihishwa ni mlango wenye kufuli mbovu. Walionunua mashini kuukuu wawe macho: tangu mwaka 2023 Chrome mpya haiingii tena katika Windows 7, nayo Microsoft ilimaliza kazi ya kawaida ya kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Nne, wafundisheni vijana maana halisi ya dirisha la siri. Dirisha hilo huficha safari zako kwa mtu atakayekaa baada yako mbele ya kompyuta ile ile, basi. Halikufichi kwa kampuni inayokuuzia intaneti wala kwa ukurasa uliouingia. Mwaka 2020 watu wa Marekani waliishitaki Google kwa sababu ya dirisha hilo la Chrome, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kuharibu kumbukumbu nyingi mno ilizokuwa imekusanya. Kijana anayedhani haonekani amedanganyika.

Nanyi wanafunzi, ninyi ndio mnaojua kubonyeza upesi kuliko wazee wenu. Msijifanye mabwana wa mashini. Keti pamoja na mama au baba, fungua mipangilio, mwonyeshe ni kivinjari kipi kimewekwa kuwa cha kwanza, ni mahali gani pa kutafutia pamewekwa, na ni maneno gani ya siri yamehifadhiwa. Mkiisha kuona, shaurianeni. Mkipenda Firefox, vema. Mkichagua Edge au Chrome kwa sababu mnayoijua, vema vile vile. Kesho mtu akiwauliza mwatumia kivinjari gani, mwe na jibu lingine kuliko «hicho tulichokikuta».